Mume wangu asema mkesha wa Mashahidi hatalala nyumbani

Mama mshauri, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba niliyeolewa Buganda. Tunakaa Kyaliwajjala, kwenye njia ya Namugongo, mahali ambapo mwisho wa Mei vishindo vya mahujaji havikuachi ulale. Mume wangu ni Muganda, Mwanglikana kwa kuzaliwa na kwa kupenda. Mimi ni Mkatoliki. Ndoa tulifunga katika Kanisa Katoliki kwa ruhusa ya askofu, na watoto wetu wamebatizwa Ukatoliki kwa makubaliano yetu wawili. Hilo halijawahi kutugombanisha.

Kinachotugombanisha ni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni.

Nyumba yetu imekuwa kituo. Kutoka Bukoba huja mjomba wangu na kundi lake, kwa basi kupitia Mutukula. Kutoka magharibi mwa Kenya huja akina mama na vijana wanaotembea kwa miguu kupitia Busia; tulijuana nao mwaka waliokosa pa kulala huku mvua ikinyesha, tukawafungulia. Kutoka Nsambya na Katwe huja Wakongo wa kikundi chetu cha sala ya Kiswahili, wengi wao wakimbizi kutoka Kivu, na Warundi wachache. Wengine Wakatoliki, wengine Waanglikana, wengine walokole. Jioni ya tarehe 2 Juni tunakula pamoja uani, tunasali na kuimba hadi usiku. Asubuhi kila mtu anashika njia ya kwao: sisi basilikani, wale Nakiyanja kwenye hija ya Kianglikana. Kwa miaka mingi ilikuwa siku niliyoingoja kuliko hata Krismasi.

Mwaka jana, jioni ya mkesha, mume wangu alisimama kama mwenye nyumba ili aombee chakula. Mjomba akamkatiza: "Kaa kwanza baba, tuna katekista hapa." Watu wakanyamaza. Katekista, kijana wa watu, akaomba huku anatazama chini.

Kesho yake mume wangu aliamua kutusindikiza Misani badala ya kwenda Nakiyanja, kwa sababu mtoto wetu mdogo alikuwa amechoka na alitaka kubebwa na baba yake. Wakati wa komunyo alisimama nasi kwenye mstari akiwa amekunja mikono kifuani, apate baraka kama anavyofanya parokiani kwetu. Mjomba akamvuta koti. "Wewe si wetu, rudi ukae." Alisema kwa sauti, na wageni wetu walisikia. Mume wangu alinikabidhi mtoto, akapenya kwenye ule umati, akarudi nyumbani kwa miguu. Usiku ule binti yetu mkubwa, mwenye miaka 11, aliniuliza, "Mama, kwani baba si Mkristo?"

Mwaka huu mjomba ameshapiga simu kwamba kundi linakuja, na limeongezeka. Nilipomwambia mume wangu hakukasirika. Alisema tu, "Waje. Siku hiyo nyumba ni yao. Mimi nitakwenda kulala kwa mama Mukono, nitarudi tarehe 4." Heri angekasirika.

Mama mkwe naye mwaka jana alikuwa kwetu, amekuja kwa ajili ya Nakiyanja. Asubuhi alilalamika kwamba hakupata usingizi hata kidogo. Alisema sauti za wanaume wakiongea Kiswahili uani usiku zinamrudisha kwenye miaka ya vizuizi vya barabarani. Mashemeji wakaongeza kwamba nimegeuza nyumba ya mtoto wao kuwa nyumba ya wageni wa Kiswahili.

Tena kuna pesa. Kamati ya kikundi imepanga kila mtu mzima atoe shilingi 50,000. Akina mama wa Kikongo wanaouza vitenge mkononi barabarani hawana. Mjumbe mmoja amependekeza wasiochanga walale kwenye hema, wenye kuchanga walale ndani.

Nifanyeje, mama? Niwakatalie wageni wote mwaka huu? Nimbembeleze mume abaki? Au kila dhehebu lifanye sherehe yake kivyake, tuache kujidanganya kwamba tunaweza kusherehekea pamoja?

Mke wa Kyaliwajjala


Marahaba, mwanangu.

Usiwakatalie wageni. Ila mwaka huu wasikanyage uani kwako kabla mume wako hajawaalika yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Sikukuu yenu imeharibikia hapo kabla ya kuharibikia kwenye dini.

Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja. Umenieleza alichosema mjomba, alichosema mume, alichosema mama mkwe, alichouliza binti. Sijaona mahali ambapo wewe ulisema neno. Chakula kilipoombewa na mwingine, ulikuwepo. Koti lilipovutwa, ulikuwepo. Najua ulivyobanwa: mjomba ni mkubwa, ndiye anayesimama mahali pa wazazi wako, na mbele ya mahujaji mwanamke wa Kihaya hamjibu mjomba wake. Lakini mume wako alitazama upande wako mara mbili akakuta kimya, na nadhani kimya hicho ndicho kinachompeleka Mukono. Mjomba ni mgeni wa siku tatu. Wewe ndiye wa kila siku.

Basi anza hapo. Usimbembeleze abaki. Kaa naye watoto wakiwa wamelala, umwambie waziwazi kwamba alidhalilishwa nyumbani kwake, kwamba uliona, kwamba ulinyamaza na hukupaswa kunyamaza. Usimtetee mjomba katika mazungumzo hayo, hata kwa sentensi moja ya "unajua wazee walivyo." Halafu mwulize: je, bado anataka nyumba hii ipokee mahujaji? Akisema hapana, mwaka huu pumzikeni, na wewe ndiye utakayepiga simu Bukoba kuwaarifu, bila kumsingizia yeye. Akisema ndiyo, basi orodha ya wageni, mpangilio wa jioni na neno la kwanza mezani ni vyake. Namwona ni mtu anayependa hiyo siku. Mwanglikana anayeacha ibada ya kwao ambebe mtoto Misani hajachoka kusherehekea na Wakatoliki. Amechoka kuonekana mpangaji.

Sasa mjomba. Nataka nimtendee haki, kwa sababu juu ya kanuni hakukosea. Kanisa Katoliki kwa kawaida halimpi komunyo Mwanglikana, na wewe Mkatoliki nawe huruhusiwi na Kanisa lako kupokea kwenye meza ya Kianglikana. Hilo ni jeraha la Wakristo wote, na mkesha wa uani kwenu hautaliponya. Msijifanye halipo. Nimewahi kusikia vikundi vya sala vikisema "sisi sote ni wamoja, hayo ya makasisi tuyaache," halafu asubuhi watu wanapigwa na butwaa mlangoni mwa kanisa. Mtu aliyeambiwa ukweli mapema, kwa upole, na mwenzake wa nyumbani, haumii kama aliyevutwa koti.

Ila mume wako hakuomba komunyo. Alikunja mikono aombewe baraka, jambo ambalo padre wa parokia yenu amelikubali. Na hata angekuwa amekosea, wa kumwelekeza ni padre au mhudumu wa Ekaristi anayesimama pale mbele. Muumini aliye nyuma kwenye mstari hakupewa kazi hiyo na mtu yeyote. Ushauri wangu mdogo kwa siku yenyewe: kwenye umati wa Namugongo, ambako wahudumu wametawanyika katikati ya watu na hawamjui mtu, baraka ya mikono kifuani inaweza kuleta mkanganyiko. Iacheni kwa Jumapili za parokiani. Siku ile mume wako akija nanyi, nawe ubaki naye mmekaa hadi mstari upungue, kisha uende ukapokee. Dakika chache za kukaa ubavuni mwake zitasema mengi kwa kila aliyekuwepo mwaka jana.

Mpigie mjomba simu kabla basi halijakatiwa tiketi. Usisubiri afike amechoka na mabegi begani. Mwambie kwa heshima zote, na kwa maneno machache: mwaka huu mwenye nyumba ataombea chakula, na mtu akiwa na tatizo na hilo akuambie wewe sasa hivi, kwenye simu. Kama unaona ulimi utakuwa mzito, mtafute mtu wa rika lake, shangazi au mzee wa jumuiya huko Bukoba, akutangulie. Lakini maneno ya mwisho yatoke kwako.

Akikujibu kwamba anailinda imani, mrudishe kwenye historia ya hao anaowasafiria. Naamini wengi wanaokuja Namugongo hawajaisikia yote.

Mei 1886, Kabaka (mfalme wa Buganda) Mwanga wa Pili alipowahukumu vijana wa ikulu pale Munyonyo, hakuwatenga kwa madhehebu. Wakatoliki na Waanglikana walifungwa pamoja na kuswagwa njia moja hadi Namugongo, wengine wakauawa njiani. Waliofika walikaa wamefungwa karibu wiki nzima huku kuni zikikusanywa. Tarehe 3 Juni, siku ya Kupaa kwa Bwana, Karoli Lwanga alitengwa akachomwa peke yake, mahali ambapo leo ipo basilika ya Kikatoliki yenye nguzo 22. Wenzake walichomwa mbele kidogo, Wakatoliki na Waanglikana kwenye moto mmoja. Mahali hapo ni Nakiyanja, mwanangu. Yaani wengi wa mashahidi Wakatoliki wa siku ile, wale mjomba wako anaowaomba wamwombee, walikufa kwenye ardhi ambayo leo ni hija ya Waanglikana. Mjomba amekuwa akisafiri kutoka Bukoba kuwaheshimu, anaishia basilikani na kurudi, bila kufika walipofia.

Kwa jumla, katika miaka ya 1885 hadi 1887, wanaohesabiwa ni 45: Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza wale 22 kuwa watakatifu, Oktoba 18, 1964, aliwataja hadharani na Waanglikana waliokufa kwa jina la Kristo. Alipokuja Uganda mwaka 1969 alikwenda kwenye hija ya Waanglikana pia. Papa Fransisko, Novemba 28, 2015, alianzia Nakiyanja asubuhi, ndipo akaenda kuadhimisha Misa upande wa Kikatoliki. Mwulize mjomba, kwa adabu: kama mapapa hao walipita mlango ule, yeye anaogopa nini?

Hapo ndipo napata jibu la swali lako kubwa, kama kweli mnaweza kusherehekea pamoja. Mnaweza, katika mambo mengi, na yale msiyoweza ni machache na yanajulikana. Ekaristi hamwezi. Mkesha mnaweza. Masomo ya Biblia, zaburi, Baba Yetu, nyimbo, kuombea wagonjwa na nchi zenu, chakula, njia ya miguu: hayo yote Makanisa yenyewe yanayaruhusu, na mnayo uani kwenu. Wala hamhitaji padre ili mkesha uwe mkesha. Wamisionari wa Afrika, wale mapadre Wakatoliki waitwao White Fathers, waliondoka Buganda mwishoni mwa 1882, wakaenda Bukumbi kusini mwa Ziwa Viktoria, wakarudi 1885. Katikati hapo Wakristo waliongozwa na walei, watu kama Yosefu Mukasa Balikuddembe, Andrea Kaggwa na Matia Mulumba. Na usiku ule wa Mei kabla ya kupelekwa Namugongo, ni Lwanga, mlei, aliyewabatiza vijana waliokuwa bado wakatekumeni, Kizito akiwemo. Baba wa familia kuombea chakula hadharani ni jambo dogo sana mbele ya hayo.

Ningekuwa napanga mkesha wenu, ningeuandaa hivi. Mume wako awakaribishe, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, na aombee chakula. Mle kwanza, watu waliotembea kutoka Busia hawawezi kusali wakiwa na njaa. Baada ya chakula yasomwe majina yote 45, taratibu, mmoja mmoja, na watu waitikie. Mjomba ayasome yale 23 ya Waanglikana. Mume wako ayasome yale 22 ya Wakatoliki. Sijasema haya ili kumkomoa mjomba. Mtu akilazimika kulitamka jina la Makko Kakumba, la Nuwa Serwanga, la kijana Yusufu Lugalama, ambao waliuawa Januari 31, 1885 huko Busega, kabla ya shahidi yeyote wa Kikatoliki, anaanza kuwaona ni watu na si "wale wa upande wa pili." Na mume wako akimtaja Mbaga Tuzinde, kijana aliyelelewa nyumbani kwa Mukajanga, yule mkuu wa wanyongaji, aliyemsihi kijana wake akane imani asife, nyote mtasikia jinsi kisa hiki kilivyogawanya nyumba za watu tangu mwanzo. Mpe mjomba karatasi ya majina mapema ajizoeze. Atakuwa na kazi ya heshima mkononi, na mzee mwenye kazi ya heshima hasumbui.

Wakongo nao wawe na sehemu. Wanaye Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, sista kijana aliyeuawa Isiro Desemba 1, 1964, akatangazwa mwenyeheri Kinshasa Agosti 15, 1985. Mmoja wao asimulie habari zake. Hao wamekimbia vita. Wakisimulia juu ya mtu aliyekataa kukana, wanajua wanachosema.

Asubuhi mgawanyike kama kawaida, bila aibu. Lakini baada ya Misa, badala ya kila mtu kukimbilia kuchota maji ya ziwani na kutafuta njia ya kurudi, kundi lako lote litembee hadi Nakiyanja. Ni mwendo wa miguu tu kutoka basilikani. Mume wako atakuwa amemaliza ibada na anawasubiri, na kule yeye ndiye mwenyeji: awatembeze, awaonyeshe makumbusho yenye sanamu za mateso yale, aeleze. Mwaka jana aliingia kwenu kama mgeni akafukuzwa. Mwaka huu nyinyi muingie kwao mpokewe.

Kwa mama mkwe nahitaji kukaa kidogo, kwa kuwa mashemeji wamechanganya mambo mawili. Maneno ya "nyumba ya wageni wa Kiswahili" ni ya kukuumiza tu, yaache yapite. Usingizi wa mama ni jambo jingine. Mwanamke wa umri wake, Muganda, aliishi miaka ya 1970 na ile iliyofuata, ambapo Kiswahili usiku kilikuwa sauti ya askari mlangoni. Usijaribu kumwelewesha kwamba Kiswahili ni lugha ya amani, wala kwamba Katiba ya Uganda imekitambua. Mwili wake haujali Katiba. Kuna jambo zuri sana la kusimulia juu ya Kiswahili na imani ya nchi hii: kilifika ikulu ya Kabaka Mutesa na wafanyabiashara wa Pwani, na mmisionari Alexander Mackay alipoanza kufundisha pale, maandiko aliyoyatumia yalikuwa ya Kiswahili, kabla ya vitabu vya Kiganda kuchapwa. Wasomaji wa kwanza walisoma Injili kwa lugha mnayosali nayo uani kwenu. Mwachie mume wako asimulie hilo kwenye mkesha ili wageni wajue, lakini kwa mama lisitumike kama hoja ya kumshinda.

Kwa mama fanya mambo ya vitendo. Mpe chumba kilicho mbali na uani, na mkesha wenye sauti uishe saa nne usiku. Wanaotaka kuendelea wasali kimyakimya au waende kukesha na mahujaji wengine hijani. Mchana, kabla ya giza, wapeleke wageni kwake mmoja mmoja, wapige magoti kama inavyopaswa Buganda, wamwamkie kwa Kiganda hata kama ni maneno mawili waliyofundishwa na watoto wako. Sauti ya mwanaume usiku ikiwa na sura aliyoiona mchana na jina analolijua, inapungua ukali. Kisha mwombe yeye aanzishe wimbo wa Kiganda kwenye mkesha, ule anaoupenda wa kanisani kwao. Wakenya na Wakongo wataitikia hata wasipojua maneno. Na mume wako amwarifu mwenyekiti wa kijiji (LC1) idadi ya wageni na wanakotoka. Jirani akijua, na mama akijua kwamba mwenyekiti anajua, hofu inapungua.

Kama bado hatapenda, asilazimishwe. Alale Mukono kwa hiari yake, apelekewe gari asubuhi afike Nakiyanja. Mama kulala Mukono si sawa na mwanawe kulala Mukono.

Juu ya pesa sitakuwa mrefu. Pendekezo la hema kwa wasiochanga likataeni siku ileile, na mume wako ndiye alikatae, kwa sababu paa ni lake na halikodishwi. Kulala ndani kupangwe kwa umri, ujauzito, ugonjwa na waliotembea kwa miguu. Chakula kigharimiwe na mfuko mmoja ambao mtu mmoja mwaminifu anaushika, na kiasi cha kila mtu asikijue mwingine. Asiye na shilingi alete alichonacho: akina mama wale wakipika sombe jioni ile hakuna atakayekumbuka nani alitoa 50,000. Na mpunguze idadi. Kundi la mjomba limeongezeka, umesema. Choo chenu hakijaongezeka. Mwambie idadi mnayoweza kuipokea, na wengine watafute nafasi kwenye parokia zinazopokea mahujaji, ambako huwa na utaratibu, maji na watu wa huduma ya kwanza. Nyumba iliyoelemewa ndiyo inayozaa maneno ya uani.

Nimebakiza binti yako. Aliuliza swali usiku, na barua yako haisemi alijibiwa nini. Mtoto wa miaka 11 aliyeona baba yake akirudishwa kutoka kwenye mstari ameshajijibu mwenyewe, na jibu lake huenda si zuri. Mwiteni mkae naye nyote wawili. Mwambieni kwamba baba yake ni Mkristo kwa ubatizo ambao Kanisa Katoliki lenyewe linautambua, kiasi kwamba Mwanglikana akijiunga nalo habatizwi tena. Mwambieni pia, bila kuficha, kwamba makanisa yao mawili bado hayajapatana juu ya meza moja, na kwamba mjomba alisema jambo kwa namna isiyofaa. Mruhusuni aulize. Akitaka mwaka huu aende Nakiyanja na baba yake asubuhi ile badala ya kuja nawe, mwache aende naye. Msalimiane hapo mtakapokutana mchana.

Lakini hayo ni ya baadaye. Leo jioni zungumza na mume wako, na simu ya Bukoba uipige akiwa amekaa karibu nawe, asikie.

Mama mshauri